Mbusa Amekula Nini

Kwetu Wanande mtoto wa kiume hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Kaka yetu mkubwa ni Mumbere. Mimi ni wa pili, kwa hiyo ni Kambale, na kwa ubatizo Onésime. Walifuata Kasereka na Kakule, waliofariki wakiwa wadogo, kisha Katembo, wa tano, ambaye kanisani alibatizwa Paulin. Wa sita angeitwa Mbusa, lakini mama hakuzaa tena. Mbusa aliletwa duniani na Paulin mwenyewe, kwa kompyuta, katika chumba alichokuwa akitengenezea mashine za watu huko Goma.

Ilikuwa ligi ya kuigiza. Watu wapatao mia mbili wa nchi mbalimbali, kila mmoja ana mchezaji wake mmoja wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Hakuna anayekimbia popote. Kila Jumanne saa tisa alasiri programu inachezesha mechi zote, na mechi inatoka kwa maandishi, mstari baada ya mstari. Kazi ya mwenye mchezaji ni kutuma ripoti ya mazoezi mara moja kwa wiki, kabla ya saa sita mchana siku hiyo ya Jumanne. Anachagua cha kuongeza, nguvu au kasi au mbinu, kisha anaandika maneno machache kuhusu siku ya mchezaji. Asipotuma kwa wiki nne mfululizo, mchezaji anastaafishwa na ukurasa wake unafungwa. Hilo halina rufaa.

Mbusa alichukuliwa na timu ya Walinzi wa Anchorage katika raundi ya tano, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuchaguliwa. Alipewa namba sitini na sita na nafasi ya katikati ya mstari wa mbele: yule anayeinama, anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha anasimama kuwazuia wanaotaka kumwangusha mrushaji. Misimu miwili alikaa benchi. Msimu kwao ni miezi miwili tu. Wa tatu alianza kucheza, kwa sababu mwenye mchezaji aliyekuwa mbele yake alipata kazi akamsahau, naye akastaafishwa. Katika msimu wa sita aliwekwa kwenye orodha ya walio bora. Katika wa saba mpira ulimponyoka mwenzake ukavuka mstari wa mwisho, Mbusa akauangukia, na hizo zikawa alama sita pekee za maisha yake. Paulin alinipigia simu kunieleza. Nilikuwa napokea lori. Nilimwambia nitampigia baadaye, na sikumpigia.

Mimi nauza maharagi na mchele kwa jumla, katika depo yangu hapa Lubumbashi, na tunakaa mtaa wa Hewa Bora. Mama alikuja kwetu mwezi wa nane kwa ajili ya macho yake. Upasuaji ulikwenda vizuri, akawa anajiandaa kurudi kwake kaskazini, kisha habari za barabara zikawa mbaya na tukamwambia angoje kidogo.

Mambo ya mpira hayakumhusu mama. Lakini Paulin alikuwa na desturi yake. Katika yale maneno machache ya ripoti aliandika chakula alichokula Mbusa, kwa Kiswahili, na siku zote kilikuwa kile alichokula yeye mwenyewe. Sombe, yaani kisamvu, na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Viazi na mchicha wa lenga-lenga. Siku moja chai na mkate tu, kwa sababu wateja hawakulipa. Wenzake wa ligi walizoea, wengine wakauliza sombe ni nini. Kila Jumanne mke wangu Victorine alifungua ukurasa kwenye simu yake, na mama aliuliza swali lile lile:

“Mbusa amekula nini?”

Mara ya mwisho kuzungumza na Paulin ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na sita Januari. Alisema wanasikia milio ya mizinga upande wa Sake, nje ya mji, na kwamba amejaza maji kwenye madumu. Kesho yake simu yake ilikuwa imezimwa. Mtandao wa Goma ulikatika, mji ukachukuliwa na waasi, mtandao ukarudi, na simu yake ikaendelea kuwa imezimwa. Majirani tuliowapata walisema bomu liliangukia nyumba ya jirani, kwamba watu wa ile njia walitawanyika, kwamba hawajamwona.

Jumanne ya kwanza hakukuwa na ripoti. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Mama hakulia. Aliuliza swali lake, Victorine akajibu, “Bado, mama,” na mama akaendelea kuchambua mchele.

Juma lile Bukavu nayo ikaanguka. Mjini petu watu walianza kununua unga kwa magunia, bila kusema kwa nini. Mama Émerance, mteja wangu wa siku nyingi ambaye mdomo wake haukosi utani, alisimama mlangoni mwa depo mikono kiunoni.

“Papa Onésime! Maharagi ya kwenu itakuya tena? Ao bandugu yako banamaliza yote kule juu?”

Aliniangalia usoni, akashusha mikono.

“Pole, papa. Minacheka tu. Munasikia habari ya mutoto?”

“Bado.”

“Itakuya,” alisema, na safari hii hakuwa anasema habari za maharagi.

Mumbere, ambaye pia anaitwa Alexis, yuko Butembo kwenye usafirishaji. Alikuwa amempata mtu, Jeannot, mwendesha pikipiki anayejua kupita pale ambapo magari hayapiti. Jeannot alikubali kwenda Goma na picha ya Paulin, azunguke hospitali, makanisa na kambi. Alipangiwa kuondoka Jumatano, tarehe kumi na tisa, akifuatana na wafanyabiashara waliopata ruhusa ya kupita.

Jumanne, tarehe kumi na nane, ilikuwa ya nne.

Nililifahamu neno la siri la Paulin. Alinipa mwezi wa kumi na moja, umeme wao uliposumbua, akaniambia, akiniita kaka kwa Kifaransa: “Grand, ukiona nimechelewa, unifanyie mazoezi. Usiache Mbusa astaafu.” Nilicheka. Sasa nilikaa depo na simu mkononi tangu saa tatu asubuhi. Nilijaribu kuwaza kwa utaratibu. Nikituma, ukurasa utaonyesha kwamba kuna mtu ametuma, na watu watafikiri ni yeye. Nisipotuma, Paulin akirudi atakuta jambo moja alilonikabidhi limekufa. Kulikuwa pia na wazo la tatu, ambalo sikutaka kulitazama: kwamba ukurasa ukifungwa, na yeye amefungwa pamoja nao.

Saa tano na dakika arobaini niliingia. Nilichagua kasi, bila kujua mtu wa katikati anahitaji kasi ya nini. Pale pa maneno nilikwama. Sikuweza kufikiria chakula. Mwishowe niliandika bukari, kama ugali unavyoitwa huku, samaki tomson wa kukaanga na matembele. Nikatuma, nikafunga simu, nikawaambia wabeba mizigo wapange upya magunia ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Nilikusudia kumwambia Victorine jioni. Nilipofika nyumbani alinipokea getini, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

“Papa Abigaïl! Mbusa alifanya mazoezi! Leo, mbele ya saa sita! Paulin eko muzima!”

Nyuma yake mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mikono imelala mapajani. Alikuwa ananitazama.

“Soma wewe,” aliniambia. “Victorine amesoma na furaha. Soma polepole.”

Nilisoma. Nilisoma kasi, nikasoma bukari, tomson na matembele. Mama aliitikia kwa kichwa mara moja.

“Sawa,” alisema. “Amekula vizuri.”

Nilitakiwa kusema wakati ule. Kila nikifungua mdomo, Victorine alikuwa anaimba jikoni.

Siku mbili zilipita. Nilijiambia kwamba hakuna ubaya, kwamba mama angalau analala. Alhamisi asubuhi Mumbere alipiga simu, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ambavyo sikuwahi kuisikia tangu mwaka uanze.

“Mdogo wangu, Mungu ni mwema. Nimeona ujumbe wa Victorine kwenye kundi la familia. Jeannot nimemsimamisha jana kabla hajawasha pikipiki. Ana watoto watatu yule, kwa nini nimtume kwenye risasi kumtafuta mtu aliye mbele ya kompyuta?”

“Umemsimamisha.”

“Kabisa. Na ni vizuri, maana tangu jana jioni njia imefungwa tena. Wanasema labda juma lijalo, labda hapana. Kambale? Unanisikia?”

“Mumbere, ni mimi niliyetuma.”

Hakunielewa. Nilieleza tangu mwanzo, neno la siri, sheria ya wiki nne, saa tano na dakika arobaini. Aliuliza jambo moja tu.

“Ulimwambia mama?”

“Bado.”

“Nenda ukamwambie. Mimi nitamtafuta Jeannot.” Kisha akasema, bila ukali, “Siku mbili, Kambale.” Akakata.

Nilifunga depo mchana, jambo nisilofanya. Mama alikuwa uani anaosha matembele. Nilichuchumaa mbele ya beseni lake nikasema yote, na la Jeannot pia. Mikono yake haikuacha kufanya kazi mpaka nilipofika kwenye habari ya Jeannot. Hapo ikasimama ndani ya maji.

“Nilijua,” alisema.

“Tangu lini, mama?”

“Tangu uliposoma chakula. Njo ile tulikula jana yake hapa hapa. Paulin hajawahi kuonja matembele ya Victorine.” Alilikamua fungu moja la majani. “Sikumwambia mtu. Nilitaka tu siku mbili. Sikujua zinamgharimu yeye.”

Victorine alikuwa amesimama mlangoni na kusikia. Alitoa simu yake, akaandika kwenye kundi la familia kwamba habari ile haikuwa ya kweli. Hakusema kosa ni la nani. Kisha akaja akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kuosha pamoja na mama.

Jumanne iliyofuata, hakuna ripoti. Kwa sababu ya ile yangu, hesabu ya wiki nne ilikuwa imeanza upya, na sikugusa ukurasa. Jeannot hakuwa amepata njia. Kila pikipiki iliyopita mtaani ilinifanya nisikilize, ingawa yake ilikuwa mamia ya kilomita kutoka kwetu.

Jumanne ya tarehe nne Machi, kama saa tano na nusu, Victorine alikuja depo kwa miguu. Hakuwa amepiga simu. Alinipa simu yake juu ya meza ya mizani na kubaki ananitazama.

“Ni weye tena?” aliuliza.

Ripoti ilikuwa imeingia saa tano na dakika tisa. Kasi niliyoongeza imeachwa ilivyo. Imeongezwa nguvu ya miguu. Na pale pa maneno palikuwa na mstari mmoja: *Leo Mbusa hakula.*

“Si mimi.”

“Papa Abigaïl.”

“Victorine, si mimi. Naapa.”

“Hata siku ile haukusema kitu,” alisema taratibu. Ilikuwa kweli.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilichoogopa wakati huo, zaidi ya vyote, ni kwamba Paulin amenyoosha mkono, na mimi ndiye niliyefanya mkono wake usiaminike. Mumbere atauliza ni nani. Kundi la familia litauliza ni nani. Na sikuwa na lolote la kuonyesha ila neno langu.

Mama alisikia lango, akageuka.

“Mbusa amekula nini?”

“Mama, kuna ripoti. Si mimi niliyeiandika. Najua huna sababu ya kuniamini.”

“Sikuulizi hiyo. Nimeuliza amekula nini.”

“Hakula. Ameandika kwamba leo Mbusa hakula.”

Aliweka kiganja kifuani na kukiacha pale. Victorine alianza kusema kitu, mama akamwinulia kidole.

“Huyo ni Paulin.”

“Unajuaje, mama?” aliuliza Victorine.

“Kambale angemlisha,” alisema mama. “Wewe pia ungemlisha. Hata mimi. Nani atakaa atunge kwamba mtoto wangu ana njaa?”

Victorine alifunika mdomo. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye saruji.

“Kama anapata kompyuta, kwa nini hapigi simu?” niliuliza, na jibu likanijia nikiwa bado nauliza. Namba zetu zote zilikuwa ndani ya simu yake, ambayo bila shaka aliipoteza. Neno la siri alikuwa nalo kichwani.

“Huyo hajui namba ya mtu,” mama alisema. “Hata ya baba yake hakuishika. Pale anapoandika, mtu mwingine anaweza kuandika?”

Chini ya kila ukurasa kuna mahali pa maoni. Nilikuwa nimepaona mara nyingi, watu wakiuliza sombe ni nini. Majuma matano nilikuwa nautazama ukurasa ule kama mlango ambao mtu hutokea, na sikuwaza kwamba unapitika pande zote mbili. Niliandika kwa jina langu mwenyewe. Niliweka namba yangu, ya Victorine na ya Mumbere, nikazisoma kwa sauti mara mbili ili zisikosewe.

“Ongeza,” mama alisema. “Mama anauliza uko wapi. Aseme mahali tu. Jeannot atajua njia.”

Niliongeza. Kisha nikampigia Mumbere, nikamsomea ripoti. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho hakuniuliza ni nani.

Saa tisa mechi ilianza. Hakuna aliyepanga kuitazama, lakini hakuna aliyeondoka. Simu yangu ilikuwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa hadi mwisho, betri asilimia thelathini na moja na umeme umekatika mtaani. Kwenye simu ya Victorine mistari ilishuka mmoja mmoja, nami nikamtafsiria mama kila palipotokea namba sitini na sita.

“Mbusa anainama,” nilisema. “Mbusa anapitisha mpira.”

“Halafu?”

“Anasimama. Anawazuia.”

“Bado amesimama?”

“Bado, mama.”

“Endelea,” alisema, macho yake yakiwa kwenye kigoda.