Foleni Isiyo na Nyuma

Kama kuna kitu kilichomtia Tadea kinyaa siku ile, ni harufu ya zawadi. Chumba chake cha mitambo, chini ya ngazi, kilinuka vitumbua, ndizi zilizoiva kupita kiasi na paja la kuku la juzi. Mkono mtupu haulambwi, na wapangaji wa jengo lile hawakuwahi kumjia mikono mitupu.

Jengo lilikuwa la ushirika wa kahawa enzi zile mnunuzi alikuwa mmoja. Soko lilipoachiwa kila mwenye nguvu zake, ushirika ulifilisika na Mzee Abdulmajid akalinunua. Akapangisha kila mlango: wanunuzi wa kahawa, saluni, duka la kubeti, na ghorofani, chumba namba nne, Kituo cha Usuluhishi cha Tupatane. Wote walitumia laini moja ya intaneti, na Tadea ndiye aliyeitunza.

Laini haikuwa mbaya. Ila picha ya moja kwa moja haijui kusubiri. Barua ikichelewa dakika mbili bado ni barua, lakini mkono wa mtu ukichelewa njiani hata nusu sekunde, mwenyewe ameshausogeza kwingine. Kwa hiyo alipofunga mitambo, Tadea aliweka kanuni moja tu: mazungumzo ya video ya chumba namba nne yapite mbele, wengine wote wafuate nyuma. Tupatane walisikiliza kesi na mashahidi wa mbali kwa video, na kwa miezi mitatu picha zao zilitiririka bila kukwama. Tadea alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Kisha akaja mjomba wake, Pankras, mwenye duka la kubeti, amebeba vitumbua.

"Mama, mbio zangu za mbwa zinakatikakatika, wateja wananitukana. Niweke na mimi huko mbele. Kazi hii nani alikuombea?"

Tadea akamweka. Mjomba utamnyima nini?

Wiki iliyofuata akaja Mzee Abdulmajid mwenyewe, mpole, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hafidha akinipigia kutoka Maskati, uso wake unakuja vipandevipande. Mwanangu yule sijamwona miaka minne."

Huyo naye angemkataliaje? Akamweka. Baada ya hapo ikawa kama shimo kwenye uzio, kila mbuzi alilijua. Wanunuzi wa kahawa walileta ndizi, mwenye saluni akamsuka bure, hata karani wa Tupatane akataka simu yake itangulie apate kutazama tamthilia. Kufika Julai kulikuwa na majina kumi na moja mbele, na nyuma hapakuwa na mtu. Tadea alijua maana yake vizuri kuliko yeyote, kwani alisomea. Wote wakiwa mbele, hakuna aliye mbele. Lakini kila aliyemjia alikuwa mkubwa wake, au ndugu, au amebeba kitu, naye akala.

Jumatano ile, saa nne asubuhi, ilisikilizwa kesi ya Kunigunda. Alikuwa mjane kutoka Lituhi, kule ziwani, kiziwi tangu utotoni. Shemeji yake, Zabron, alidai marehemu alimwachia yeye shamba la mihogo. Kunigunda alikuwapo kitandani pa mumewe siku ya mwisho, akamwona akimwachia yeye shamba lile kwa ishara mbele ya majirani wawili, na alikuja kuwataja. Yeye na Zabron walishaweka dole gumba kwamba uamuzi wa Tupatane ndio utakaokuwa wa mwisho. Mkalimani wa lugha ya alama aliyepatikana alikuwa mmoja tu, Rukaiya, naye alikuwa Songea. Angeisoma mikono ya Kunigunda kwenye skrini na kuitamka.

Tadea aliwasha mitambo, akasimama mlangoni. Kunigunda alikaa mbele ya kamera, kifurushi cha gazeti miguuni pake, akaanza kusema. Mikono yake ilikuwa na haraka na ufasaha. Rukaiya akatafsiri sentensi tatu safi kabisa.

Mara uso wa Rukaiya ukaganda kwenye skrini. Na uligandaje! Kichwa kimeinama kidogo, macho yametulia, midomo inakaribia kutabasamu, sura ya mtu anayekusikiliza kwa moyo wote. Lakini sauti yake ilipenya, maana sauti ni nyepesi.

"Mwenyekiti, simwoni! Picha yake imeganda huku. Mwambieni asimame kwanza!"

Kila mtu chumbani alisikia isipokuwa mmoja. Kunigunda aliutazama uso ule mwema na kuendelea. Akaonyesha kitanda. Akaonyesha mlango, wakaingia majirani wawili. Akachora shamba hewani, akagusa kifua chake.

"Mwacheni amalize," alisema mwenyekiti, Mzee Cuthbert, akiangalia saa. "Sauti si inafika? Mtandao uko sawa."

Zabron alikuwa akitazama viatu vyake, na Tadea alimwona akitabasamu.

Hapo Tadea angeweza kupiga hatua nne tu na kumgusa yule mama begani. Hakufanya hivyo. Angemgusa, angeulizwa tatizo ni nini, na tatizo lilikuwa na jina lake. Akateremka ngazi mbio kwenda kuficha aibu yake kabla haijaonekana. Akaanza kuwaondoa mbele mmojammoja: saluni, kahawa, karani, Hafidha wa Maskati, mbwa wa mjomba. Majina kumi.

Aliporudi juu, picha ilikuwa hai. Kunigunda alikuwa amelaza mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Muulize kama amemaliza," alisema mwenyekiti.

Rukaiya akauliza kwa mikono. Kunigunda akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mwenyekiti, mimi sikuona kitu! Anatakiwa aanze upya, ngoja nimweleze..."

"Amepewa nafasi, ameitumia. Watu wana basi la saa nane." Mzee Cuthbert akafunga kompyuta wakati mikono ya Rukaiya ndiyo kwanza inainuka, akaandika kwamba mjane hakutaja shahidi, na shamba ni la Zabron. Karatasi ya uamuzi wangepewa baada ya chakula.

Tadea alijiona mchafu. Hakuwahi kuiba hata kalamu maishani mwake, na leo alikuwa ameuza mdomo wa mtu kwa vitumbua.

Kunigunda alimfuata koridoni, uso umechangamka. Akaelekeza kidole kwenye waya, kisha kwa Tadea, akaweka kiganja kifuani na kuinama. Kisha akampa kifurushi. Walikuwa usipa, dagaa wakavu wa ziwani, wamechambuliwa mmojammoja. Chini, mjomba Pankras alikuwa akipiga kelele, "Tadea! Mbwa wamesimama! Tadea!"

Angeweza kuitikia kwa kichwa. Yule mama angeteremka akiwa na furaha hadi saa ya karatasi, na lawama zingemwangukia mwenyekiti.

Tadea akachukua kalamu, akaandika juu ya lile gazeti lililofunga usipa: HAWAKUKUONA. PICHA ILIGANDA. KOSA NI LANGU.

Kunigunda alisoma taratibu, akifuata herufi kwa kidole, kama alivyofundishwa shuleni. Akarudia kusoma. Akamtazama Tadea usoni kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazamwa samaki aliyeanza kuoza mezani sokoni.

Akawachukua usipa wake mikononi mwa Tadea, akarudi chumba namba nne, akakaa kwenye kile kiti mbele ya kamera iliyozimwa.