Sumaku ya Spika Kwenye Chumba cha Nyuma

Mjukuu wangu anasoma mawe. Si ya kujengea. Ni mawe meusi na mekundu ya kutu ya chuma. Anayakata vipande vyembamba kama ukucha, anavipeleka chuoni kuvitazama kwa hadubini. Anasema ndani ya chembe moja isiyoonekana kwa macho mna visehemu vya sumaku, vimekaa kama majirani waliogombana, kila kimoja kimempa mwenzake mgongo, tangu jiwe lilipopoa. Mimi niliishia darasa la nne. Nikamwambia sawa.

Sawa yangu ikala chumba cha nyuma: mawe yakawekwa humo, na chochote chenye sumaku marufuku. Simu isiingie, redio isiingie, hata mkasi wangu ulitolewa kama mlevi. Nikavumilia. Zamu yake kwenye hadubini aliingoja mwaka mzima, na ilikuwa Jumatatu.

Jumapili akaja mjomba wake, kitinda mimba wangu, fundi spika, mikono haitulii. Mimi niko jikoni. Mjukuu anarudi, anamkuta kaketi katikati ya mawe, mkononi ana sumaku ya spika, pana kama kisahani.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, mpwa. Haya meusi yananasa, chuma halali. Mekundu umebeba takataka."

"Umeyagusa yote?"

"Nikuachie kazi nusu? Mimi si mvivu."

Mjukuu akakaa chini, pu! "Meusi umeyaharibu. Mpangilio wa zamani umevurugika, sasa yanafuata sumaku yako."

"Jiwe liharibike kwa kuguswa?" Akanigeukia mlangoni, kelele zilikwisha nitoa jikoni. "Mama, huyu mnamsomesha nini?"

"Nyamaza," nikasema. "Tangu nikuzae sijakuomba kitu. Nyamaza."

Mjukuu akafuta machozi, akaanza kuyatenga. Mekundu, alisema, sumaku yake ni kaidi, haigeuzwi kirahisi, huenda yamepona. Hayo ndiyo aliyokwenda nayo Jumatatu.

Jioni akarudi kachoka. "Yamepona, bibi. Zamu haikupotea. Meusi wamesema nilete mengine mwezi ujao." Akampigia mjomba. "Jumamosi tunapanda machimboni. Nyundo unabeba wewe."

"Mimi? Na mgongo huu?"

"Na huo huo!" nikapaza sauti nisikike kwenye simu.

Jumamosi wakaondoka wakigombana nani abebe maji. Nikawasikia mpaka wanakata kona. Nikafunga mlango, nikajilaza, nikaushukuru ukimya wa nyumba.