Mkwe Aliyetokea Dirishani

Wakati ule, miaka kama kumi baada ya vita vya pili vya dunia, mtu akipita asubuhi nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli pale Kindu, angeweza kumwona mwanaume mzima, mwenye ndevu na watoto, akitoka nyumbani kwake kwa dirisha. Kwanza mguu, kisha koti la kazi lenye vifungo vya shaba, kisha Tharcisse mwenyewe, akishuka polepole asije akakanyaga nyanya za mkewe. Hakuwa mwizi, wala hakuwa amegombana na Odile. Ni kwamba mlangoni alikuwa ameketi mama mkwe wake.

Msicheke. Tharcisse alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Maniema na kazi ya kuunganisha mabehewa ya reli, na kwao mume hamtazami usoni mama wa mkewe. Hali chakula naye, hampi mkono, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanaume ndiye anayeingia majanini. Walikuwepo vijana waliojifunza Kifaransa kidogo wakaanza kuonea haya mila za baba zao. Tharcisse hakuwa wa namna hiyo.

Mama Bitota alihamia kwao alipofiwa na mumewe, kwa kuwa Odile ndiye mtoto wake wa pekee. Akapewa chumba cha uani, karibu na jiko. Tangu hapo mkwe na mama mkwe wakaishi uwanja mmoja kwa utaratibu wao wenyewe. Tharcisse akirudi kutoka kazini alikohoa penye kona ya nyumba, Mama Bitota akisikia kikohozi, alijitupia kitenge kichwani na kugeuza mgongo, mkwe akapita. Miaka ikaenda hivyo. Ungemwuliza Tharcisse uso wa mama mkwe wake ukoje, asingejua la kukujibu. Alimjua kwa mgongo na kwa sauti.

Lakini kichwa cha samaki, alichokipenda kuliko minofu yote, kilimfikia sahanini kila mara, naye alijua ni nani aliyemwagiza Odile akiweke. Na kila treni ilipompeleka Kibombo, alirudi na tumbaku ya kunusa, akamkabidhi Odile, kisha akatega sikio mpaka asikie chafya za furaha nyuma ya ukuta. Walipendana hao, nawaambia, kuliko wengi wanaokula sahani moja.

Halafu mama akaanza kubadilika. Mwanzoni ilikuwa chumvi mara mbili katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na watu wakacheka. Akawa anamwita Odile kwa majina ya shangazi waliokwisha kufa. Siku moja alikwenda shambani Mikelenge, njia aliyoijua kama kiganja chake, akaja kupatikana bandarini akiwauliza wapagazi ni mtumbwi upi unaokwenda kwao. Kwao ni Kasai, na mto Lualaba hauendi Kasai.

Ndipo ikaja alasiri ambayo Tharcisse alikohoa penye kona na kitenge hakikupanda. Mama Bitota alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anamtazama usoni wazi kabisa. Uso wenyewe, aliouona kwa mara ya kwanza, ulikuwa mdogo na mchangamfu, una mwanya katikati ya meno ya juu kama wa Odile.

"Kalala," akasema mama. "Mudogo wangu. Umerudia!"

Tharcisse alitimua mbio. Alizunguka nyumba, akaingia kwa dirisha, akaketi kitandani na kofia yake kichwani. Mama mkwe hamkodolei macho mkwe wake bure. Hufanya hivyo akiwa amekosewa sana na anataka kumwaibisha. Basi Tharcisse akajichunguza kosa lake ni lipi, asilione, akamtuma Odile na kuku wa kuomba radhi. Mama alimpokea kuku vizuri. Kisha akauliza kwa nini Kalala hakumleta mwenyewe.

"Kalala njo nani?" Tharcisse akamwuliza mkewe.

"Mudogo wake wa tumbo moja," Odile akajibu. "Walimukamata akuwe askari wakati ya vita ya Tabora, ile ya kwanza, mama alikuwa angali binti. Alienda na koti ya vifungo kama hii yako. Hakurudiaka."

Baada ya kusikia hayo Tharcisse akazidisha heshima. Mama alipoanza kukaa mlangoni kumngoja, yeye akaanza kutokea dirishani. Alipomfuata uani, yeye akapitia kwa jirani. Na kadiri alivyomkimbia, ndivyo mama alivyozidi kunyauka. Aliacha kucheka, akaacha kunusa tumbaku, mwisho akaacha kula. Odile alimkatia tonge, akambembeleza, akalia. Mama aligeuza shingo.

"Nitakula na Kalala. Tulikuwa tunakula sahani moja. Kwa nini ananikimbia? Nilimufanya nini?"

Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Majirani wakasema amerogwa, na mmoja akajitolea kumpeleka kwa mganga upande wa Kailo. Adèle, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, alisema huenda mama mwenyewe ndiye mchawi, maana anaongea na wafu. Odile alimfuata mpaka kisimani. Aliyomwambia sitayarudia hapa.

Kesho yake Odile akamshika mama yake mkono wakaenda zahanati. Tharcisse akafuata kwa mbali. Chumba kilikuwa kimoja tu, na mama mkwe yumo ndani, kwa hiyo alisimama nje, chini ya dirisha. Siku zile maisha yake yote yalikuwa madirisha.

Muuguzi aliitwa Kasimu, mtoto wa Waungwana, Waislamu wa Kasongo, mtu wa sauti ya chini aliyekuwa akiwauliza wagonjwa habari za nyumbani kabla ya kugusa ugonjwa. Alimwuliza Mama Bitota jina la mto wa kwao, akalitaja. Majina ya ng'ombe wa misheni aliowaona utotoni, akayataja yote. Alimwuliza amekula nini asubuhi. Mama akamtazama Odile, kisha akatazama mikono yake.

"Hakurogwa," Kasimu akasema. "Na yeye si muchawi, umuambie ule mwenye kusema. Hii iko ugonjwa ya ubongo. Inakamataka watu wenye kuzeeka, si wote. Wewe bwana yako iko anafanya kazi ya kufunga vago za treni, si ndiyo? Ubongo inafungaka mambo moja nyuma ya ingine, kama vago. Ya utoto iko karibu na mashini yenye kuvuta. Ya juzi iko mukia. Sasa ugonjwa hii inaachisha ya mukia kwanza. Mukwe, wajukuu, Kindu yote, ile ni vago za nyuma. Ndugu yake iko mbele kabisa. Njo maana anaona ndugu."

"Dawa iko?" Odile akauliza.

"Ya kurudisha vago, hapana. Sitakudanganya." Kasimu akavuta kiti karibu na Odile. "Lakini kuna neno moja. Anasahau kitu yenye ilifanyika, lakini hasahau namna ilimuumiza. Muntu akimukimbia asubuhi, saa sita hajue tena kama alikimbiwa. Huzuni inabakia, haina hata jina. Njo ile inamukataza kula." Kisha akainua sauti kidogo, akielekeza uso dirishani. "Na ule mwenye iko chini ya dirisha, heshima yake iko muzuri. Lakini njo inamuua mama huyu."

Tharcisse alisimama pale akihesabu matofali ya ukuta bila kuyaona. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuunganisha na kuachisha mabehewa, na alijua behewa lililoachwa kwenye reli ya pembeni linavyokaa: milango imefungwa, mzigo umo ndani, na hakuna anayekuja. Aliumia sana. Miaka yote alidhani anampa mama huyu kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mzee Ntumba, mkubwa wa watu wa Kasai pale Kindu, seremala aliyestaafu, ambaye bila yeye hakuna ndoa iliyofungwa wala matanga yaliyokaliwa. Tharcisse akamweleza yote. Ntumba alisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Njia iko," akasema. "Mbuzi. Mukwe analeta mbuzi, mama mukwe anaipokea na kinywa yake, haya inaisha, munakula pamoja. Baba zetu walijua."

"Basi nitaleta leo."

"Ngoja. Anapashwa kuipokea na akili yake, kwa kujua wewe ni mukwe. Ule anakuita Kalala. Utamupa nani mbuzi? Na ukikula naye kabla ya ile, Tharcisse mwanangu, watu watasema ulivua mama ya muke wako nguo. Sitakuwa na kinywa ya kukutetea."

Tharcisse alinunua mbuzi hata hivyo. Alimfunga uani, akitumaini tu, kama mtu anayenunua mwavuli wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza mbuzi alimaliza nyanya zote za Odile, na Tharcisse akasikia maneno ya mkewe.

Jumapili, baada ya misa, Odile alitoka chumbani kwa mama na sahani ambayo haikuguswa. Tharcisse aliitazama sahani, akamtazama mkewe, ambaye naye alikuwa amekonda bila mtu kuona. Akavaa koti lake la vifungo, akanawa mikono, akaichukua ile sahani. Hakukohoa. Aliingia kwa mlango.

Mama Bitota alimwona, akasogea kwenye mkeka kumpisha.

"Umekawia," akasema.

"Kazi ilikuwa mingi, yaya."

Neno hilo, yaya, yaani dada mkubwa, lilimtoka kwa shida, lakini lilipotoka lilikaa mahali pake. Akakata tonge la bugali, akalichovya katika sombe ya mawese, akampa. Mama akala. Akala tena. Tharcisse alikuwa amekaza macho kwenye sahani, jasho likimtiririka shingoni.

"Mbona unatazama chini kama mukwe?" mama akamwuliza.

Tharcisse alipaliwa mpaka Odile akaja mbio na maji. Mama Bitota alimpiga mgongoni kwa kiganja, akicheka, na kicheko hicho hakikuwa kimesikika katika uwanja ule tangu mvua zilizopita.

Tangu siku hiyo wakala pamoja. Tharcisse alijifunza kuwa Kalala. Alisikia habari za mto walimoogelea, za mkia wa panya ambao wao wawili walimwibia babu sahanini, za wimbo ambao mama aliuimba nusu tu kwa sababu nusu nyingine ilikuwa ya Kalala, na yeye akabuni maneno ya kuijaza. Mashavu ya mama yakarudi. Mitaani, watu wa Kasai walipomwona Tharcisse walikumbuka ghafla shughuli upande wa pili wa barabara. Mzee Ntumba hakumwitikia salamu. Jambo hilo lilimwuma, tena sana, na usiulize mara ngapi alitamani kurudi dirishani.

Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga mabati. Adèle alikuwa amejibanza kibarazani kwa kina Odile, amekatizwa njia na mvua. Mama Bitota alikuwa na tonge karibu na mdomo, mkono ukasimama. Akatazama vifungo vya koti. Akatazama ndevu. Macho yake yakazunguka chumba, yakarudi, na yalikuwa macho mengine.

"Odile!" akaita kwa sauti ya zamani, ile ya nyuma ya ukuta. "Odile, huyu si..."

Kitenge kikapanda kichwani. Mgongo ukageuka.

Tharcisse alibaki na tonge mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Odile alisimama mlangoni ameshika mdomo wake. Mvua ikaendelea kunyesha, na mgongo ule aliouzoea miaka yote ulikuwa ukipanda na kushuka kwa pumzi.

Kisha mkono mmoja ukaja nyuma, kutoka chini ya kitenge, kiganja wazi.

Tharcisse akaweka tonge kwenye kiganja. Mkono ukarudi. Chini ya kitenge kikasikika kitu kinatafunwa, taratibu, mpaka kikamezwa.

"Mukwe," mama akasema.

"Mama."

"Na mbuzi yangu iko wapi?"

Tharcisse alitoka mbio kwenye mvua, akarudi akimburuta mbuzi aliyelowa na asiyetaka, mpaka kwenye mkeka. Mama Bitota, bado amefunikwa, alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata sikio.

"Nimepokea," akasema. "Haya imeisha." Na Adèle, kibarazani, akasikia kila neno, na kwa mara ya kwanza mdomo wake mrefu ukawa na faida: mvua haijakatika, mzee Ntumba alikuwa ameshapata habari.

Odile alikuwa analia waziwazi. Kitenge kikateremka polepole. Mama Bitota akageuka, akamtazama Tharcisse, akatabasamu kwa ule mwanya wake, na Tharcisse akaona kwamba ameshakwenda tena, mbali, mbele kabisa.

"Kalala, hii mbuzi ya nani?"

"Ya mukwe wako, yaya. Alikuletea."

"Mukwe wangu wa reli?" Mama akamvuta mbuzi karibu, akamfuta maji mgongoni kwa ncha ya kitenge. "Ule muntu! Tumbaku yote njo yeye. Miaka yote hii ananipitia na kikohozi, hajanikosea hata siku moja. Namupenda kama mutoto wa tumbo langu, Kalala. Lakini miye mama mukwe, nitamuambia na kinywa gani? Umuambie weye."

Tharcisse aliishika kamba ya mbuzi kwa mikono yote miwili.

"Nitamuambia, yaya."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Mama akaridhika, akafungua kinywa kungoja tonge lingine.