Ng'ombe Aliyeitwa Nyumbani

Mzee Kipyego hakuwa mwoga. Alipokuwa polisi aliwahi kumkamata mwizi wa mifugo kwa mikono mitupu, ndipo wakampa tepe za usajini. Lakini bei ya ng'ombe iliposhuka aliogopa, tena vibaya sana, na mtu asimcheke. Hofu ya mzee asiye na mshahara si mchezo.

Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikinunulia ng'ombe. Hakuwarundika boma moja, maana hakuwa mjinga. Aliwagawa kwa marafiki wa Kesses na wa Moiben, kwa ile desturi ya kwao inayoitwa kimanagan: ng'ombe ni wako, ndama pia ni wako, lakini anayemtunza ndiye anayekunywa maziwa. Ugonjwa ukipita Kesses, wa Moiben wamepona. Majani yakikauka Moiben, wa Kesses wanakula. Hiyo ndiyo pensheni aliyoijua, na kwa miaka mingi ilimpa usingizi mzuri.

Halafu ukaja ule mwaka wa dhiki. Mahindi yalikosa mnunuzi, na yaliyobaki shambani nzige wakayamaliza. Hata Makaburu, wale walowezi wazungu, na ubishi wao wote, walikuwa wakiacha mashamba na kuondoka. Bei ya ng'ombe ilishuka kila mnada, ikashuka tena, mpaka watu wakawa wanauliza kama bado ni ng'ombe wanauzwa au ni kuku.

Mshauri wa Kipyego alikuwa Wangila, karani mstaafu wa reli, Mbukusu mwenye maneno matamu. Yeye kiinua mgongo chake alikinunulia magunia ya mahindi, akangoja bei ipande. Haikupanda. Sasa alikuwa akiwalisha fukusi, na mtu aliyeungua hakosi ushauri. Alimwambia Kipyego akusanye ng'ombe wote, auze kabla hawajawa bure kabisa, pesa aziweke Posta.

"Mali bila daftari hupotea bila habari, Sajini," alisema. "Huyo wa Moiben ulimwona lini mara ya mwisho?"

Kipyego alijaribu kukumbuka, akashindwa. Usiku huo usingizi ulimpaa.

Huyo wa Moiben ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, wa madoadoa, mwenye maziwa mengi. Alikuwa kwa rafiki yake Kipkorir. Jepkosgei, mke wa Kipyego, aliposikia kwamba ndiye atakayeanza kuuzwa, aliweka chini kibuyu alichokuwa akikisafisha. Alimkumbusha kwamba nyumba ya Kipkorir ina mtoto mchanga.

"Na nyumba hii ina wazee," Kipyego akajibu.

Jepkosgei hakubishana naye. Aliendelea na kibuyu chake, ila kwa siku mbili chai ya mzee ilikuja baridi.

Basi Kipyego akaenda Moiben. Kwa desturi, mwenye ng'ombe akimwita ng'ombe wake nyumbani, mtunzaji hamuulizi sababu. Kipkorir hakuuliza. Alileta kamba. Kisha akaingia ndani, akatoka na ngozi ya ndama aliyekufa kwa ugonjwa wakati wa mvua, imekaushwa vizuri, ili mwenye mali asije akadhani ameibiwa. Kipyego aliona haya, akatazama pembeni. Mke wa Kipkorir, Jelagat, hakutoka kumwamkia. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mtoto, na mzee akaharakisha kuondoka.

Shida ilianza nyumbani. Ng'ombe yule hakutoa maziwa. Jepkosgei alimkanda, akamletea chumvi, akamwimbia. Wapi! Alipigwa teke kibuyu kikaruka. Jirani mmoja alikuja kujaribu naye akaondoka akichechemea. Mnada ulikuwa unakaribia, na hakuna mtu anayetoa pesa kwa ng'ombe wa maziwa asiye na maziwa. Kipyego akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko yote. Alituma neno Moiben kwamba Jelagat aje mnadani Eldoret amkamue, mnunuzi aone.

Na Jelagat akaja. Alifika na vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni, akawaamkia wazee, Kipyego na Wangila, kwa heshima zote. Kaburu mmoja mfuga ng'ombe alikuwa tayari amemzunguka ng'ombe mara kadhaa, akitikisa kichwa. Jelagat alimkabidhi Wangila mtoto, akachuchumaa, akamwita ng'ombe kwa jina. Kipyego, mwenye mali, hakuwahi kulisikia jina hilo. Ng'ombe aligeuza shingo, akamnusa begani, na maziwa yakaanza kuingia kwenye kibuyu kwa sauti ya mvua nzito.

Watu walisogea. Kaburu naye akasogea. Akataja bei ambayo haikuwa imesikika mnadani tangu dhiki ianze, ila kwa sharti moja: huyu mama naye aje shambani kwake akamkamue.

Wangila alimfinya Kipyego mkono. Kipyego, kwa furaha ya mtu aliyeokolewa, akamgeukia Jelagat na kumshukuru kwamba amemsaidia kuuza.

Jelagat alimaliza kukamua kwanza. Akasimama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Sikuja kukusaidia kuuza, Mzee. Nilikuja kumuaga."

Hakusema kwa hasira. Alimchukua mtoto wake kutoka kwa Wangila, akamnywesha maziwa kidogo kwa kiganja, na mtoto akanywa kwa pupa, kama mtu anayejua kwamba hatayapata tena. Mzee alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alimwambia Kaburu kwamba ng'ombe hauzwi. Wangila akashika kichwa kwa mikono miwili, akauliza kama sajini amerogwa.

Kipyego alimnyooshea Jelagat kamba. Jelagat akarudi nyuma hatua moja. Alimweleza kwa upole kwamba yeye hawezi kuipokea. Ng'ombe alitolewa kwa mume wake na akachukuliwa mbele ya mume wake. Aliyeitwa nyumbani harudishwi njiani kama mzigo uliosahauliwa. Mzee akitaka, aende mwenyewe akaombe, na Kipkorir akikataa, ana haki.

Kwa hiyo watu wa njia ya Moiben wakaona ajabu siku ile: sajini mzima akiswaga ng'ombe nyuma ya mwanamke mwenye mtoto, kofia mkononi. Wengine walicheka. Aliwaacha wacheke.

Kipkorir alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba. Hakuinuka. Kipyego alisimama mbele yake kama mshtakiwa, akaomba ng'ombe wake apokewe upya. Aliona wazi kwamba anaweza kukataliwa, na kwamba akikataliwa hapa, hakuna boma lingine litakalompokea yeye wala mali yake.

Kipkorir aliitazama ile kamba.

"Ulipokuja kumchukua sikukuuliza neno," akasema. "Leo nakuuliza. Bei ikishuka tena, utakuja na kamba?"

Kipyego alitaka kusema hapana. Lakini halingekuwa kweli.

"Nitaogopa tena," akasema. "Mimi ni mzee, Kipkorir, na sina mshahara. Lakini nikiogopa, nitakuja bila kamba. Niruhusu tu nikae hapa kwako mpaka hofu iniishe."

Kipkorir alimtazama, akatazama na ng'ombe, ambaye tayari alikuwa ameingia bomani bila kuswagwa na mtu. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi.

"Basi anza leo," akasema. "Kaa."