Nyundo Yangu Kwenye Santuri ya Royston

Akina mama wenzangu wa Cradley Heath hapa Uingereza, na nyinyi wa kwingine mlio na vijana wenye magitaa, someni haya kabla hamjafungua midomo. Mimi wangu niliufungua, halafu nikashika na nyundo.

Mwanangu Royston alikuwa anajifunza kazi kwenye kiwanda cha minyororo. Mwaka wa sabini na moja akaiacha ili apige muziki wa roki na wenzake watatu, wakajiita Tanuri. Msimamizi wake wa kiwandani, Bwana Tranter, ni jirani yetu. Akanisimamisha langoni.

"Mama Dunn, nafasi yake nitamshikia mpaka Krismasi. Muziki ukimshinda, arudi. Krismasi ikipita, nampa mpwa wangu."

Nikashukuru. Kazi ya kiwandani ina mshahara, ina pensheni, na mtu anarudi nyumbani na masikio yake, hata kama hayasikii vizuri. Nikaazimia muziki umshinde.

Kwetu huwezi kurekodi chochote kwa mwaka mzima, maana nyundo za viwanda zinatikisa mpaka vikombe kabatini. Ni wakati wa likizo ya viwanda tu, mji mzima unapokwenda kulowana kwenye bahari ya Wales, ndipo panakuwa kimya. Basi wakasubiri likizo hiyo. Akaja kijana mmoja kutoka London anaitwa Piers, nywele mpaka mabegani, na mashine zake ndani ya gari. Wakaingia kwenye karakana ya uani kwetu, ile ambamo mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tukifua chuma cha minyororo. Piers akapiga makofi mara moja, akasikiliza kuta, akatabasamu kama aliyepewa keki.

"Mama, wewe na baba nendeni tu baharini," Royston akaniambia.

"Na nani atawalisha?"

Nikabaki. Mume wangu Horace akaenda peke yake, na sikumwona akilia.

Kwanza nikajaribu chakula. Niliwapikia mbaazi na nyama ya nguruwe, sufuria nzima, nikijua mtu akishiba hivyo analala. Wakala, wakaramba sahani, wakapiga muziki mzito zaidi ya jana.

Ndipo nikakumbuka nyundo. Nilingoja mpaka taa nyekundu ya Piers ya kurekodi iwake, nikaingia na aproni yangu, nikachukua nyundo na kipande cha chuma, nikasimama mbele ya fuawe, lile pande la chuma la kupondea.

Sisi wanawake wa minyororo tulifundishwa kwamba nyundo haipumziki. Unapiga chuma pigo moja zito, halafu unaiacha nyundo iruke kwenye fuawe mara mbili kidogo kidogo, mkono usikatike mwendo. Zito, ndogo, ndogo. Mkono wangu haujasahau.

"Mama, tunarekodi," Royston akasema.

"Na mimi nafanya kazi. Hii karakana, si dansini."

Barrie Yapp, yule mpiga ngoma wao, mtoto niliyemfuta kamasi mimi mwenyewe, akanitazama mikono. Kisha miguu yake ikaanza kunifuata kwa ngoma. Zito, ndogo, ndogo. Nikaongeza mwendo nimpoteze, akaongeza. Nikapunguza, akapunguza. Piers akainua kidole, nikajua sasa natolewa nje.

"Mama Dunn, nakuomba usiache," akasema.

Kuambiwa nisiache ndiko kulikonipandisha hasira. Nikapiga kwa nguvu zote, na kumwambia Royston yote niliyokuwa nimemwekea moyoni, pamoja na habari za soksi zake. Yote yamo kwenye santuri, upande wa pili, wimbo wa kwanza.

Santuri ilitoka Novemba. Gazeti la London likaandika kwamba ni kabati la vyombo likiporomoka ngazini, na ndani yake kuna mwanamke anayefukuza paka. Nikalikata, nikalibandika juu ya sinki.

"Unaona? Rudi kwa Bwana Tranter."

"Bado Krismasi, Mama."

Nikaona nimalize kabisa. Nilimwendea Mchungaji Pocock nikamwomba ahubiri kwamba santuri ile ni uchafu. Alihubiri Jumapili, tena vizuri, mpaka nikatokwa machozi. Akaitaja jina, akataja na duka linaloiuza. Jumatatu asubuhi vijana wa kanisa walikuwa wamepanga foleni mbele ya duka hilo, na binti wa mchungaji akiwa wa kwanza. Ikanunuliwa mpaka miji ya Dudley na Wolverhampton. Wiki ya pili gazeti lile lile likasema mwanamke wa paka ndiye roho ya santuri nzima. Hilo sikulikata. Horace alilikata.

Mkesha wa Krismasi mlango ukagongwa mchana. Bwana Tranter, amevaa kofia ya Jumapili, santuri kwapani.

"Ni ya binti yangu. Anataka sahihi."

"Royston yuko London."

"Si ya Royston, Mama Dunn. Yako."

Nikamuuliza habari ya nafasi, maana Krismasi ilikuwa haijapita.

"Royston kaniandikia harudi, nikampa mpwa wangu mapema," akasema, akiangalia viatu. "Naye jana kaiacha. Kanunua ngoma. Mama yake anasema ni kosa lako."

Dada yake Bwana Tranter, mama wa kijana huyo, hanisalimu mpaka leo, na sokoni ananigeuzia mgongo.

Kwa hiyo nawaambia, ukisikia gitaa uani, nyamaza. Usipike mbaazi. Usimwite mchungaji. Nyundo ifungie kabatini na ufunguo mpe mumeo. Mimi nilimpa Horace wangu, naye likizo ya viwanda ya Agosti hii, Piers alipopiga hodi tena na mashine zake, ndiye aliyekwenda mbio kulifungua kabati.