Bahari Yapiga Picha ya Kitambulisho

Asubuhi hiyo Mzee Sukemi alikuwa akipiga pasi vitambaa vyake viwili vya kutundika nyuma ya wateja, chekundu cha waliozaliwa mwaka wa witiri na cha buluu cha waliozaliwa mwaka wa shufwa, kama serikali inavyotaka kwenye picha za vitambulisho, bahari ilipoingia studio. Iliacha povu lake mlangoni, penye kandambili za wateja. Bi Warsih, muuza tempe za soya za kukaanga, akainua miguu na beseni lake.

"Foleni, mwenzangu," alisema. "Hata kama wewe ni mkubwa."

Bahari ikasubiri kwenye benchi.

Mzee Sukemi alijifanya anatafuta lenzi, apate kufuta macho. Hawakuwa wameonana tangu kampuni ya nyumba za kifahari ijenge ukuta ufukweni na kuweka mlinzi wa kudai vitambulisho. Utotoni bahari ilimchukua, ikamwonja, ikamrudisha mchangani. Tangu hapo aliipiga picha kila alfajiri. Na kila mwaka, mji ulipotosa kichwa cha nyati kuishukuru bahari, yeye alitosa picha ya bahari yenyewe, akisema nyati ni mtamu lakini hamwambii mtu alivyopendeza.

"Na wewe wamekuzuia?" aliuliza.

"Wanataka kitambulisho, ndipo nifike ufukweni kwangu."

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Nani anajua? Kalenda zilikuwa bado."

"Muwekee buluu, itampendeza," alisema Bi Warsih.

"Mama, moshi wa mafuta umekuingia machoni. Bahari mbele ya buluu, si itaonekana stuli tupu?" Mzee akatundika chekundu. "Haya, kaa wima. Usitikisike."

Bahari haikuwahi kutulia kwa ajili ya mtu. Kwa huyu ilitulia. Huko majini mashua zilisimama kama zimepigiliwa misumari, na wavuvi wakanywa kahawa bila kujimwagia. Mzee akabonyeza.

"Nikupe nini?" bahari iliuliza.

"Samaki wote hao niliokula, halafu unaniuliza hivyo? Hebu twende zetu."

Langoni mlinzi alilinganisha picha na uso.

"Ni wewe kweli. Unakaa wapi?"

"Hapo nyuma yako."

"Hapo ni mali ya kampuni. Na huyu mzee?"

"Ni wangu," ilisema bahari.

"Basi nyote wageni. Rudini."

Wakarudi. Bahari ikahamia uani kwa Mzee Sukemi, naye hupiga picha yake ya alfajiri akiwa bado amejifunga shuka lake. Siku ya shukrani, watu walivua viatu mlangoni wakapitisha kichwa cha nyati ndani ya studio hadi uani. Siku hizi mji mzima una vitambulisho vya watu waliopeperushwa nywele na upepo wa bahari, na ofisini hakuna anayeuliza.

Ukuta upo. Nyuma yake ni matope matupu, na nyumba bado zinauzwa kuwa ziko mbele ya bahari. Kampuni ilimwagiza Mzee Sukemi picha ya bahari, wanunuzi wapate cha kutazama. Aliwapelekea nakala iliyobaki, ndogo ya kitambulisho, yenye kitambaa chekundu.

Wameibandika ukutani, upande wa ndani. Anayetaka kuiona huonyesha kwanza kitambulisho.