Nukta ya Kumi na Tisa

Katika chama cha wapangaji miji kila mtu alimwita Mkasi, naye hakukasirika, maana kazi yake ilikuwa kukata. Kila mwaka chama hufanya mkutano wa siku tatu, wataalamu wakaongea mpaka povu likawatoka, na wakishaondoka na mikoba yao ya bure, Mkasi ndiye hubaki na maneno yao. Hukata vikohozi, hukata viti vinavyokwaruza sakafu, na hukata sauti ya mwenyekiti anayesahau kuzima kipaza sauti akienda msalani. Mwaka huu mkutano ulihusu mipango ya makazi na afya ya akili. Vipindi vilikuwa kumi na vinne, na kumi na vitatu vilishapanda kwenye tovuti.

Cha kumi na nne kilipangwa kurushwa saa sita kamili mchana, na mashine ingekirusha yenyewe, mtu apende asipende. Wanachama walikuwa wakikisubiri kama mishahara. Leseni zao zilikuwa zinaisha muda jioni ile, na asiyetimiza saa zake za mafunzo asingepata mpya. Wengi walikuwa wamebakiza saa moja tu, nayo ilikuwa hiyo.

Saa nne na nusu Mkasi alikuwa kwenye chumba chake, kilichokuwa stoo ya karatasi kabla hajahamia yeye na trei zake za mayai alizobandika ukutani kuzuia mwangwi. Alikuwa hapo tangu kumi na moja alfajiri. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu walipomzika baba, miezi minane nyuma, na yeye aliona heri awe macho kazini kuliko kuwa macho kitandani. Chakula alikula akikumbuka. Lakini mzima alikuwa, na ungemuuliza angekuambia hivyo.

Kipindi kilikuwa cha Profesa. Hakuwa profesa wa chuo chochote, ila alikuwa na sauti yake, na watu wakampa cheo. Alikuwa mpangaji hodari wa mtaa mmoja mkubwa, na mtaa huo ndimo alimoishi Mkasi na mama yake na mdogo wake wa kike. Profesa alieleza jinsi wahudumu wa afya walivyopita nyumba kwa nyumba, wakaandika ni wapi pana mtu anayehitaji msaada wa akili na hajafika kituo chochote cha matibabu. Mkasi aliyasikia maneno hayo kwa sikio la kazi. Alikuwa anawinda kikohozi.

Kisha ramani ikatokea.

Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, safi ajabu. Juu yake palikuwa na nukta nyekundu thelathini na mbili, kila moja na namba yake. "Majina tumeyaondoa yote," alisema Profesa kwa fahari, na ukumbi ukapiga makofi. Majina kweli yalikuwa yameondolewa. Mapaa yalikuwa yamebaki. Mtu wa ramani ukimwonyesha paa anaona kiwanja, upana wa njia na mtaro wa maji. Hajui kwamba kwa jirani paa ni jina tosha. Mkasi aliona msikiti, aliona shule, aliona karakana ya fundi viatu, akafuata kichochoro kwa kidole mpaka kwenye tangi la buluu alilolipandisha yeye mwenyewe na baba yake. Kando ya tangi hilo palikuwa na nukta. Namba kumi na tisa.

Mdogo wake alikuwa ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili miezi mitano tu iliyopita. Dawa zilimkaa, akanenepa, akaanza kucheka tena, na sasa alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika shule ile ile iliyoonekana kwenye ramani, akifundisha watoto wadogo. Zilibaki wiki mbili athibitishwe. Shuleni hakuna aliyejua. Mume wa mwalimu mkuu alikuwa mwanachama wa chama, na Mkasi alipofungua orodha ya waliojiandikisha kutazama saa sita, jina lake lilikuwa la nne. Angetazama akiwa sebuleni kwake, mkewe akipita na sahani, na tangi la buluu wanaliona kila siku wakifungua dirisha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alichofanya kwanza ni kile ambacho ningekifanya mimi na wewe. Alichukua kipande cha kijivu akaifunika nukta yao, moja tu, akatazama. Ilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Pale palipofunikwa palionekana kama kipara kichwani mwa mtu mwenye nywele, na taa nyekundu ya kuonyeshea aliyoishika Profesa ilipita juu yake mara mbili. Akaondoa. Akajaribu kutia ukungu ramani nzima, kisha mkono ukasita. Kanuni ya chama ilimruhusu kukata kelele, siyo hoja. Ilitungwa kwa ajili yake, baada ya kumkatia mzee mmoja mzaha wake mwaka uliopita na mzee akaandika barua ya kurasa tatu. Slaidi iliweza kuondolewa kwa ombi la msemaji mwenyewe, au la mtu aliyemo ndani yake, na huyo mtu ilibidi ajitaje mbele ya katibu. Kumtaja mdogo wake mbele ya katibu ili asijulikane! Mkasi alicheka peke yake, cheko baya.

Tena, kuna jambo lililomuumiza ambalo hakutaka kulitazama. Katika kuitafuta nukta yao alikuwa ameshaziona za wengine. Kumbe na fundi viatu. Kumbe na nyumba ya mapacha. Kwa dakika tano alikuwa ameingia nyumba za watu bila kupiga hodi, naye ni jirani yao wa kila siku.

Saa tano na robo alipanda ghorofani. Profesa alikuwa huko kwa kikao cha kamati, na Mkasi akamngoja nje ya mlango, akihesabu vigae vya sakafu, mpaka alipotoka kujaza kikombe chake maji. Akamweleza kwa adabu kwamba ramani ile inaonyesha nyumba za watu. Profesa alimsikiliza huku akinywa, kisha akasema kipindi bila ramani ni soga, kwamba wahudumu walizunguka miezi minne juani kwa ajili yake, na kwamba majina, kijana wangu, yaliondolewa. Mkasi akarudia. Profesa akarudia. Saa ya ukutani ikaonyesha tano na dakika ishirini na tano.

"Wewe umejuaje kwamba nyumba zinatambulika?" Profesa aliuliza mwishowe.

"Kwa sababu moja ni yetu, mzee."

Profesa akashusha kikombe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kabla hujamchukia. Alitazama huku na huku, akamvuta Mkasi mpaka kwenye ngazi, akauliza ni namba ngapi. Mkasi akamwambia. Akamwambia na habari za mdogo wake, kwa kifupi, kwa sauti ya chini, hospitali na shule na wiki mbili, akiona aibu kama anayeiba. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Profesa alimwekea mkono begani. Akasema hilo ni dogo. Angebadilisha slaidi yenyewe, aitoe kumi na tisa na kuandika thelathini na moja, isibaki hata alama, na Mkasi angeibandika mahali pake. Mambo kwisha, na asiulizwe mtu. Thelathini na moja wengine walimpita Mkasi kichwani, akawaacha wapite. Damu nzito kuliko maji.

"Ngoja nihakikishe ni yenyewe," Profesa alisema, akafungua orodha kwenye simu yake, ile yenye maelezo ya wahudumu. Akasogeza kidole chini, akaenda, akasimama. Uso ukamkunjuka. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepata dawa ya mwenzake mfukoni mwake.

"Basi tulia kabisa, kijana wangu. Siyo mdogo wako. Hii kumi na tisa ni ya mwanamume. Miaka thelathini na minane. Halali, hali, haongei na watu wa nyumbani tangu msiba. Taarifa imetolewa na mama mzazi."

Alikuwa bado anatabasamu. Kisha akamtazama Mkasi vizuri, macho yaliyoingia ndani, shati lililokuwa likimpwaya, na tabasamu likamwishia kidogo kidogo.

Nyumba ile ilikuwa na mwanamume mmoja tu.

Ndipo maneno aliyoyasikia kwa sikio la kazi yakamrudia Mkasi: anayehitaji msaada na hajafika kituo chochote. Mdogo wake alikwenda. Alilia, alishikwa mkono, lakini alikwenda, na tangu atoke hurudi kila mwezi kuchukua dawa zake. Asingeweza kuwa kwenye ramani ile hata kidogo. Mkasi alikuwa amesikiliza saa kumi na nne za wataalamu wakitaja dalili, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kujitenga, na katika zote alichokisikia ni viti vinavyokwaruza sakafu. Nyani haoni kundule. Alitaka kukasirika na mama, akaikosa hasira. Alichokipata ni woga, woga mtupu, wa mtu aliyeambiwa kuna nyoka chumbani anamolala.

Profesa alikuwa anamwomba radhi, sauti yake ya uprofesa imekwisha yote. Alisema bado anaweza kuitoa ile moja, sasa hivi, kimya kimya. Hakuna atakayejua milele. Wamebaki na nusu saa.

Ilikuwa njia nyepesi na Mkasi aliitamani. Mdogo wake alikuwa salama, hata hakuwahi kuwa hatarini. Kazi iliyobaki ilikuwa kujificha yeye, na kujificha alikujua. Lakini fundi viatu je? Naye angekuwa amekaa kwenye kigoda chake saa sita, gundi mkononi, hajui kwamba watu mia nne wanatazama paa lake. Na mtu ambaye angemjua kwa paa, angemjua kama Mkasi alivyomjua asubuhi ile, bila hodi. Na fundi viatu hakuwa na Profesa wa kumtolea nukta.

"Itoke yote, mzee," alisema.

Profesa akatikisa kichwa. Yote hakuweza, kamati nzima ilikuwa inaisubiri ramani hiyo, humo ndani wapo waliokuja kwa ajili yake. Akarudia kwamba moja angeitoa. Mkasi akashuka ngazi.

Ofisi ya katibu ilikuwa mwisho wa ujia, mlango wake hufunguliwa kwa kusukumwa na bega. Katibu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akipokea simu mbili kwa wakati mmoja, na wapiga simu wote waliuliza kama kipindi kitachelewa. Mezani kwake walikuwepo makarani wawili. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mkasi alimwambia anataka slaidi ya ramani iondolewe, sauti ibaki.

Katibu hakuinua hata macho. Alisema Mkasi anaijua kanuni kuliko yeyote, kwa kuwa ilitungwa kwa ajili yake. Msemaji ameomba? Hajaomba. Basi nani ameomba?

Makarani walikuwa wameacha kupiga mihuri. Aliwajua wote wawili, ndio waliomtania kila siku kwamba yeye ni mashine, haugui wala hachoki. Mficha uchi hazai, husemwa, na wanaolisema hawajawahi kusimama pale aliposimama Mkasi.

"Nimeomba mimi," alisema. "Mimi nimo. Nukta ya kumi na tisa ni mimi. Nimeandikwa kuwa akili yangu inahitaji msaada, na nyumba yangu inaonekana."

Hakuna aliyecheka. Katibu aliweka simu moja chini, kisha ya pili. Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake na kugonga muhuri.

"Ondoa," alisema. "Na ukimaliza uje ule. Nina chakula hapa."

Alirudi stoo akikimbia. Alikosea mara mbili, lakini dakika nne kabla ya saa sita pale palipokuwa na mapaa palikuwa na kiza, na sauti ya Profesa ikieleza nukta ambazo hakuna aliyeziona. Mashine ikakirusha. Watu mia nne wakapata saa zao.

Mkasi akakaa. Akavua hedifoni, akaziweka mezani, akapiga simu nyumbani. Mama alipokea upesi, kwa hofu, kwa sababu mwanawe hakuwa na desturi ya kupiga.

"Mama, yule mhudumu aliyepita na daftari. Ulimweleza habari zangu?"

Mama akasema alimweleza.

"Mbona hukuniambia mimi kwanza?"

"Nilikuambia, mwanangu," mama alisema taratibu. "Nilikuja chumbani kwako, nikakaa kitandani, nikakueleza yote. Ukawa unatikisa kichwa. Nikakuuliza, yupo hapo sebuleni, utakuja uongee naye? Ukasema sawa, nakuja. Tukakungoja, mimi na yeye, mpaka adhana ya magharibi, akaniaga."